Nguo za Marejeo

Nilichosikia kwanza, kabla sijafumbua macho, ni kitambaa kikichanwa: mchano mrefu, kimya kidogo, mchano tena. Nikajua niko kwa khalati, mtaa wa Wadi Kabir, likizo ya chuo imeanza, na kanzu kuukuu za watu zinageuzwa matambara ya gereji.

Khalati, dada yake mama, alikuwa mshonaji wa nyumbani. Sebule yote ilikuwa cherehani na nyuzi. Juu ya bei ya kila nguo alitia baiza kidogo, senti za nchi ile, akiziita za marejeo. Nguo ikichakaa mteja huirudisha, na khalati huishughulikia: zipu na vifungo huvitoa, kitambaa kizima huwa foronya au nguo ya mtoto, kilichochoka huenda gereji kufutia mikono ya mafundi. Baiza zile ndizo zilizomlipa mama mmoja wa Tanga aliyekuja kufua na kufumua mishono. Sikujua duka lolote katika soko la Mutrah lililofanya hivyo. Niliupenda sana mpango ule. Katika mji ulioona fahari kwa vitu vipya, sebule yetu ilikuwa mahali ambapo nguo ilikuwa na pa kurudi.

Asubuhi ile alikuja shoga yake khalati na majora ya hariri. Alikuwa anaozesha, na alitaka nguo zote za bibi harusi na za dada zake. Khalati alikuwa ameshaona chumba cha duka karibu na stendi ya teksi, na kazi ile ingemwezesha kukipanga. Alishanionyesha hata rangi ya pazia.

"Bei nimekubali," akasema shoga, akipuliza kahawa. "Ila hayo marejeo yako yatoe. Mie nnaozesha binti, sio nnazika nguo."

"Sitoi."

"Washonaji wa Ruwi hawanitozi."

"Basi nenda Ruwi." Niliona vidole vya khalati vikikunja na kukunjua ncha ya hariri ile. "Nguo nashona mie. Ikichoka, aitafutie pa kwenda nani? Jirani?"

"Kwani zangu zinamsumbua nani? Nnafunga mzigo, nnapeleka Unguja kwa dada yangu. Hata sasa nna mmoja kwenye gari, nnaupeleka kwa wakala bandarini. Wenyewe wanashukuru!"

"Ulete tuuone."

Nilishuka mimi kuuchukua. Khalati akaufungua juu ya mkeka. Likatoka gauni lililopasuka kwapa, ikatoka abaya iliyopauka mgongoni, kisha makubazi mawili, yote ya mguu wa kushoto.

"Ya Rabbi!" akamaka shoga. "Nani kayatia haya?"

"Si wewe? Hebu niambie shoga, dada yako ana miguu mingapi ya kushoto?"

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Shoga alikuwa wa mwisho kunyamaza. Akaliokota lile gauni, akatia kidole penye tundu.

"Hili umenishonea wewe, la Idi."

"Na marejeo yake ulishalipa. Hili la kwangu, si la dada yako."

"Dada alinipigia simu," akasema polepole. "Akanambia, ahsante kwa nguo, mara nyingine utie na sindano. Mie nikadhani mzaha."

Khalati akausogeza mzigo karibu. Akapiga magoti, akaanza kuchambua. Zilizokuwa nzima nilizipiga pasi, naye akazikazia vifungo. Zilizobaki zikaingia kapuni. Mzigo ukawa mdogo, nadhifu, kama zawadi ya mtu anayekujua. Nilikuwa na furaha isiyo na kelele, pasi mkononi, jua la dirishani likipanda juu ya mkeka.

Shoga akainuka, akaubana mzigo wake kwapani. Hariri hakuigusa. Ilibaki mezani, na khalati hakuthubutu kuitazama.

Alipofika mlangoni akageuka.

"Bibi harusi nitamleta kesho umpime. Na hayo marejeo yako yatie, balaa wee!"

Akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake.