Mwanzisha Kilio wa Nyakasanza

Wifi yangu Godelive alijua kulia kuliko mwanamke yeyote wa Bunia. Nasema hivyo bila wivu, ingawa zamani wivu nilikuwa nao wa kutosha. Matanga yakitokea Nyakasanza, wafiwa walimtuma mtu kumwita kabla hata hawajatafuta mbao za sanduku. Alifika, akakaza kitenge kiunoni, akasimama mlangoni, na sauti yake ya kwanza ilipotoka, hata waliomchukia marehemu walianza kumkumbuka kwa mema. Wengine wote walimfuata. Alirudi nyumbani na sabuni mbili na kipande cha nyama.

Kisha mwaka 1983 mumewe Fulgence, kaka yangu, seremala, akafa kwa homa ya siku tatu. Godelive hakulia. Hata tone. Tulimzika mtu wetu huku mkewe ametulia mkekani kama anayesubiri lori la kwenda Niania.

Kwenye ukoo wetu, sisi tuliotoka Mahagi, mjane huvaa kitambaa cheusi mwaka mzima, na siku ya kukiondoa hana budi amlilie mumewe mbele ya ndugu zake. Asipolia, watu husema moyo wake unajua jambo. Mzee Hubert, baba yetu mkubwa, hakuzunguka. "Kama halie ile siku," alisema, "nyumba inabakia ya siye, na batoto batatu banarudia Mahagi." Aliyeitikia wa kwanza ni mimi, Berthe. Naona afadhali niseme mwenyewe kabla hajasema mwingine.

Mwezi wa nne baada ya mazishi Godelive aliacha kulala. Kifua kilimbana. Muuguzi wa zahanati ya parokia hakuona ugonjwa, akamtuma chumba cha nyuma kwa Masoeur Monique, mtawa aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Kinshasa na matibabu ambayo hayakuwa na dawa. Mjane wetu hatembei peke yake, lazima asindikizwe na mwanamke wa upande wa mume. Kwa hiyo kila Alhamisi nilikwenda naye.

Sote wawili tulitazamia sindano. Matibabu gani yasiyo na sindano? Godelive alioga vizuri, akavaa sketi mpya ya ndani kwa ajili hiyo. Ndani tuliona viti viwili, mkeka na saa ya ukutani. Niliambiwa nisubiri kwenye benchi nje. Dirisha lilikuwa wazi, nami sikujaribu kuziba masikio.

"Unatafuta nini hapa, mama?" aliuliza Masoeur.

"Machozi, Masoeur. Munipatie machozi. Inabakia miezi munane tu."

Na ili mtawa aelewe ni machozi ya namna gani, akamwonyesha. Akaanzisha kilio pale pale. Zahanati nzima ilisimama. Wanawake wenye watoto wachanga walifanya ishara ya msalaba, na mmoja akaja kuniuliza ni nani aliyekufa. Masoeur alimwacha amalize.

"Ni muzuri sana," akasema. "Ulikuwa unalilia nani?"

"Sijue," Godelive akajibu. "Ile iko kilio ya kazi."

Basi nikajifunza yanayofanyika mle. Masoeur aliuliza mambo ambayo padri haulizi: unalala upande gani wa kitanda, unakula na nani, ulicheka lini mara ya mwisho. Alimlaza mkekani apumue hadi tumboni. Alimwomba atembee miguu mitupu asubuhi katika shamba lake la viazi, na kwa muda asiende kwenye matanga ya watu. "Mutu haiko kichwa tu," alisema. "Iko mwili, iko roho, iko nyumba yake na batu yake." Hakutoa hukumu wala malipizi ya dhambi. Alhamisi nyingine walikaa kimya saa nzima, nami huku nje nikiungua kwa hasira: tumetoka Nyakasanza kwa miguu kuja kunyamaza! Kuna wiki Godelive alitoka hali yake mbaya kuliko alivyoingia. Usingizi ulirudi mwezi wa tatu wa kwenda kule. Machozi hayakurudi.

Halafu Alhamisi moja nikamsikia akisema polepole, "Siku bwana yangu alikufa, miye nilikuwa kule mbali Fataki, kulilia muzee wa batu. Asubui aliniambia, 'Mama, bakia leo.' Nikamujibu, 'Nitarudia kesho.' Alikufa bila kuniita hata jina. Alinikasirikia, Masoeur. Nitamulilia na macho gani?"

Pale kwenye benchi, mimi nilijua sivyo. Kwa sababu Fulgence alimwita. Alimwita mchana kutwa, Mama Denise, kwa jina la binti yao mkubwa, na aliyekuwa ameketi karibu naye akimpangusa jasho ni mimi. "Berthe, utume mutu Fataki," alisema. Nikamwambia nimeshatuma. Sikutuma. Nilitaka aone mwenyewe nani anampenda, mke anayekimbilia sabuni za watu au dada aliyebaki. Nilidhani ni homa tu, kesho ataamka. Alitazama mlango mpaka macho yakabaki huko.

Mficha maradhi kifo humuumbua, husema watu. Mimi maradhi yangu yalinipa mdomo mrefu tu kwenye vikao vya Mzee Hubert. Siku ile nilimbebea Godelive mwavuli njia nzima na sikusema neno. Wiki zikapita, sikusema. Nikamwomba Mungu ampe machozi ili mimi nisilazimike kufungua kinywa. Sala ya aibu, lakini niliisali kila jioni.

Siku ikafika. Uwanja ulijaa ndugu. Mzee Hubert alikuwa na makasi mkononi. Godelive akasimama katikati.

"Sina machozi," akasema. "Niko na maneno."

Akaeleza yote, Fataki na sabuni na lile jibu la asubuhi, kwa sauti yake ya kawaida ya nyumbani. Masoeur hakumtuma kusema hayo. Miezi yote minane nilikuwa dirishani, ningesikia. Wanawake wakafyonya. Mzee Hubert akatikisa kichwa. "Basi, mumesikia. Aliacha bwana yake sababu ya sabuni."

Nikasimama. "Alimuita," nikasema. "Kaka alimuita. Alinituma, nikamudanganya kama nimetuma mutu. Sikutuma."

Mama mdogo Alphonsine, niliyekuwa nimeketi naye, akavuta kitenge chake kisiniguse. Wengine walitazama chini. Godelive peke yake ndiye aliyenikazia macho.

"Alisema nini? Sema vile alisema."

"Alisema, 'Mama Denise iko njiani?' Nikamuambia ndiyo. Akasema, 'Basi, nitamungoja.'"

Godelive akafungua kinywa na sauti haikutoka. Akaketi chini kwenye vumbi. Machozi yakamwagika hadi kidevuni, na wanawake wakangoja sauti ili waifuate, maana siku zote mwanzishaji ni yeye, na sauti haikuja. Watu zaidi ya hamsini tulisimama pale hatujui kulia kunaanzia wapi.

Sijui uso wa kufanya vile niliutoa wapi, lakini nikaanzisha mimi. Sauti yangu ni mbaya, inakatika. Hakuna aliyeitikia. Nililia peke yangu mpaka Godelive akainua mkono.

"Nyamaza, Berthe," akasema. "Huyu iko wangu."

Nikanyamaza. Mzee Hubert akakata kitambaa, nyumba na watoto vikabaki kwa Godelive, na mimi nikatafuta pa kuweka uso wangu nisipaone.