Mtaalamu Hewa

Kabla sijaanza kujisifu, kazi ninayoiweza vizuri kuliko ile niliyosomea, niseme kwanza kwamba nilikwenda kijijini Gitting kuposa.

Binti nilishampata. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mwepesi wa kucheka, na yeye mwenyewe alishakubali. Walikuwa wamebaki wazee wake, na wazee ndio wenye mlango. Mimi nilijiona nimeshaingia. Mtoto wa kijijini Dirma aliyeondoka kwao na begi la gunia, akaosha vyombo vya maabara Arusha mpaka wenye maabara wakamzoea, akajisomesha mwenyewe, akarudi na stashahada! Stashahada hiyo niliitia fremu kabla sijanunua kitanda. Kwetu wanaiita diploma, na nilikuwa nawasahihisha, wakubwa kwa wadogo.

Kazi niliyorudi nayo ni ya utafiti. Kuna watu ng'ambo wanatengeneza modeli ya tabianchi, yaani programu ya kompyuta inayoikata dunia vyumba vyumba, kisha inakisia hewa ya kila chumba itakuwaje wajukuu wetu wakishazeeka. Chumba chetu sisi kinameza Mlima Hanang, Dirma, na Mbulu yote mpaka Yaeda Chini. Baridi ya mlimani na joto la bondeni vinachanganywa humo kama maji ya kuoga. Ili kompyuta isikisie ovyo, lazima mtu apande na kushuka akiteka hewa kwenye chupa, zikapimwe maabara ni gesi gani zimo. Mtu huyo ni mimi. Pale mjini Katesh nilikuwa nawaambia watu kwamba bila mimi kompyuta ile ni kipofu. Mkuu wangu wa Arusha angekuambia mimi ni mwendesha pikipiki mwenye chupa. Wote tulisema kweli, ila mimi nilisema kwa sauti zaidi.

"Usije na mdomo wako wa Arusha," binti alinionya kwenye simu. "Baba hapendi mtu wa kujitapa. Mwache baba yako mdogo aseme."

"Baba mdogo atasema nitakachomfundisha."

"Haya. Lakini shangazi yangu atakuwepo."

Sikuuliza hiyo "lakini" ilikuwa ya nini.

Nilimfundisha baba mdogo njia nzima, yeye nyuma ya pikipiki, sanduku la chupa katikati yetu. "Sema, kijana wetu ni mtaalamu wa kemia ya angahewa." Akajaribu, upepo ukamnyang'anya maneno. "Refu hilo," akapiga kelele. "Nitasema hewa. Si ndiyo hiyo hiyo?" Nikaona sawa. Sanduku nililibeba kwa sababu nilitakiwa kuendelea mpaka Yaeda Chini na chupa moja iliyobaki. Hivyo ndivyo nilivyomwambia baba mdogo. Ukweli ni kwamba lile sanduku lina kufuli za kung'aa na maandishi ya kigeni, na sijawahi kuingia nalo nyumba ya watu wasiniulize ni la nini.

Tukapokelewa vizuri. Shikamoo zikatolewa zote, sala ikasaliwa, chai ya maziwa ikaletwa. Nyumba ya mzee ni ya zamani, na ukuta mmoja wa sebule ndio ukuta wa zizi, usiofika juu. Baridi ya Gitting haina mchezo, na mzee hakubali ng'ombe wake walale mbali naye. Tulikunywa chai tukiwasikia wanacheua.

"Kijana anafanya kazi gani?" mzee akauliza.

Baba mdogo akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Kijana wetu," akasema, "ni mtaalamu hewa."

Kiswahili cha huku kwetu humeza vineno vidogo. Ile "wa" niliiona kabisa ikimshuka kooni. Na nchi nzima inajua maana ya neno hewa likifuata kazi ya mtu bila kushikwa mkono: mwalimu hewa, mfanyakazi hewa, yule ambaye jina lipo, mshahara upo, mtu hayupo.

Shangazi, dada yake mzee, akaweka kikombe chini. "Rudia, baba. Masikio yangu siku hizi."

"Mtaalamu hewa, mama," baba mdogo akarudia, kwa fahari zaidi. "Yupo kwenye mradi mkubwa."

"Na mshahara unaingia?"

"Unaingia!"

"Hata wale hewa wenzake huwa unaingia."

Nyuma ya pazia la jikoni nikasikia kicheko ninachokijua.

Mtu mwenye akili angesema "wa", mambo yakaisha. Mimi nilifungua sanduku. Nikaitoa chupa, ya kioo kinene chenye koki, nikaiinua kama padri anavyoinua kikombe.

"Mzee, hii si chupa ya kawaida," nikasema. "Imenyonywa kwa mashine. Humu ndani hamna kitu. Hata hewa yenyewe hamna."

Shangazi akamgeukia kaka yake. "Kaka, umesikia? Ni mtaalamu hewa, na hiyo hewa yenyewe hana."

Baba mdogo akacheka pamoja nao, msaliti mkubwa.

Mzee ndiye hakucheka. "Hebu fanya hiyo kazi yako hapa," akasema. "Tuone."

Kanuni ya kazi yangu ni kusimama mahali pa wazi, kuukabili upepo, kuhakikisha hakuna mtu wala mnyama mbele yako, kubana pumzi, ndipo ufungue koki. Pale sebuleni madirisha yalikuwa yamefungwa kwa baridi, na chupa ilikuwa ya Yaeda. Yote hayo nilikuwa nayajua. Lakini mzee kasema tuone, na pazia la jikoni lilikuwa limesogea kidogo.

"Ikishaingia inakwenda wapi?" mzee akauliza.

"Ng'ambo, mzee. Ikapimwe."

"Hewa ya nyumba hii?"

"Hii hii."

Mzee akasimama, akavaa koti lake la kanisani, akaita wote waliokuwa jikoni na uani. Wakajipanga kama watu wanaopigwa picha, wafupi mbele. Binti akaja wa mwisho, mkono mdomoni. Shangazi akasogea mpaka pua yake ikakaribia koki.

"Inachukua mbele tu au kote?"

"Kote, shangazi."

"Nitasogea hata hivyo."

Nikabana pumzi, kwa mazoea tu, nikafungua. Chupa ikavuta: sssss! Shangazi akaruka nyuma. "Inavuta kweli!" Nikaifunga, nikaandika kwenye karatasi yake ukweli mtupu: sebuleni, Gitting.

"Majibu yake yatakuja?" mzee akauliza.

"Yatakuja."

"Basi vizuri. Majibu ya hewa yakija, na sisi tutatoa majibu yetu."

Nilikwenda kuposa kwa mzee mmoja, nikatoka nimeposa na kwa maabara. Mkuu wangu aliposikia akauliza modeli imeanza lini kuwa na sebule. Nikamwambia ni mambo ya posa. Alicheka mpaka simu ikakatika, akapiga tena kuniambia chupa iende pamoja na zile nyingine, ila Yaeda nirudi kwa mafuta yangu.

Ngano ilikuwa kijani nilipoposa. Ikakauka, ikavunwa, majibu hakuna.

"Kuna mtu mwingine amekuja nyumbani," binti akaniambia kwenye simu, safari hii hakucheka. "Ana trekta. Shangazi anasema trekta linaonekana."

"Baba amesemaje?"

"Amemwambia anasubiri majibu ya hewa. Lakini hatasubiri milele."

Nilikwenda kuitazama stashahada ukutani, nayo ikanitazama.

Majibu yakaja. Chupa zote zimekubaliwa isipokuwa moja. Nikamsihi baba mdogo, tukifika aninyamazie, nitaeleza mwenyewe. Akaapa. Tukafika, shangazi akauliza mlangoni, "Vipi, baba?" na baba mdogo, ambaye hajawahi kumdanganya mkubwa, akajibu, "Imekataliwa, mama."

Mzee akakaa polepole. "Wameona nini? Tuna ugonjwa?"

"Hapana, mzee. Modeli inataka hewa ya eneo zima, iliyochanganyika vizuri, isiyokuwa ya mtu yeyote, sasa hii..."

"Acha modeli. Soma walivyosema."

Nikasoma kwenye simu, nikigeuza kwa Kiswahili. Wamesema chupa imejaa pumzi za watu, na methani nyingi, gesi anayoitoa ng'ombe akicheua.

"Ng'ombe?" Mzee akainama mbele. "Wamewajuaje ng'ombe wangu? Kuna mtu wao alifika hapa?"

"Hakuna aliyefika. Ni chupa tu."

"Na wamesema wengi?"

Hapo ndipo elimu yangu ilipofanya kazi kwa mara ya kwanza. Nilitambua kwamba hilo halikuwa swali la kemia.

"Wengi mno, mzee. Kompyuta ya dunia nzima imeshindwa kuwabeba."

Mzee akaegemea kiti, akatazama ukuta wa zizi kama anayeuona leo. "Watu wa kweli hao," akasema.

"Na mimi?" shangazi akauliza. "Nimo?"

"Ulisimama mbele, shangazi. Nadhani wewe ndiye mwingi zaidi."

"Na pumzi yako je?"

Ningeweza kudanganya. "Yangu haimo. Nilibana pumzi. Ndiyo kanuni."

Akapiga makofi. "Kaka! Nyumba nzima tumo, ng'ombe wamo, hata mimi mzee nimefika ng'ambo. Asiyekuwemo ni huyu peke yake. Sasa nani hewa?"

Wakacheka wote. Mzee akasubiri wamalize.

"Basi aingie," akasema. "Yule wa trekta ataambiwa kesho."

Baba mdogo akasimama kushukuru, akafunga kifungo. "Kwa niaba ya mtaalamu hewa..."

Nikamvuta koti. "Wa," nikanong'ona. "Mtaalamu wa hewa."

"Mwache," mzee akaniambia. "Hapa tumeshakuzoea hivyo hivyo."