Msitu Mweupe Ukutani Kwangu

Mama niliyekuwa namfulia nguo Moshi mjini alipohama, aliniambia nichague kitu kimoja: pasi ya umeme au picha. Nikachagua picha. Wifi yangu, dada wa mume wangu, tunayeishi naye kihamba kimoja, shamba la ukoo, huku Old Moshi, mpaka leo hajanisamehe ile pasi.

Picha imechorwa kwa rangi. Ni msitu, miti haina jani hata moja, na chini kote kweupe. Mtu hayupo. Siku ya kwanza nilidhani ni mibuni imechanua, maana huku kwetu ikichanua shamba zima huwa jeupe hivyo. Kumbe ni theluji, kama ile ya kilele cha Kibo ninayoiona kila asubuhi na sijawahi kuigusa.

Nikaitundika sebuleni. Jioni nikitoka kwenye masomo ya watu wazima, nakaa mbele yake robo saa, kabla sijaulizwa chumvi iko wapi. Kwenye ile miti hakuna anayeniita. Hapo hata kuomba naomba vizuri.

Siku jumuiya ilipokuja kusali kwangu, nilikuwa jikoni napakua mtori. Kurudi sebuleni, ukuta mtupu. Picha iko chini, imegeuzwa uso.

"Nimeishusha mimi," wifi akasema mbele ya akina mama wote. "Picha ya upweke hiyo! Ndiyo inakufanya ukae peke yako kama mtu aliyenuna."

Mama mkwe akaongeza taratibu, "Mwanangu, mwanamke akijitenga, watu wanasema ana jambo."

"Ninalo, mama. Nataka kukaa."

Kisha nikamgeukia wifi. "Yesu alipopanda mlimani kuomba, alikwenda na jumuiya?"

"Kwani wewe ni Yesu?"

Wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini nilishachukua mchi wa kinu. Msumari ulikuwa umepinda. Nikaunyoosha, nikaugonga mpaka chokaa ikamdondokea wifi begani. Nikaining'iniza picha, nikainyoosha vizuri, bila haraka, mtori unapoa.

"Haya," nikasema, "tusali."

Siku hizi wifi akinikuta nimekaa, anaishia mlangoni.

"Bado?"

"Bado."

Anasubiri.