Vifaranga wa Ningu Waliopita Kwenye Mtambo Wangu

Nilikuwa nimeuendesha mtambo ule kwa miaka mitano kabla sijajua kwamba samaki hupita ndani yake.

Mimi ni fundi wa mashine. Nilianzia kwenye kiwanda cha sukari, nikihudumia roli za kusagia miwa, na kiwanda kiliposimama nikapata kazi kwenye kituo kidogo cha umeme kilichojengwa kwenye mto wetu, upande wa Matungu, kabla haujaingia Nzoia. Kituo chenyewe si kitu cha kutisha. Kuna ukuta wa zege unaozuia maji, mfereji unaoyaelekeza pembeni, chujio la vyuma la kuzuia magogo na mabua ya miwa, kisha bomba kubwa linaloshuka mteremko hadi kwenye nyumba ya mabati yenye mtambo. Maji yanazungusha mapanga ya mtambo, na kituo cha afya, kinu cha posho na nyumba za kule juu zinapata stima. Yakishamaliza kazi yanatoka chini ya nyumba na kurudi mtoni. Hayo niliyajua vizuri.

Samaki niliowajua ni wale wa kupanda. Kwetu hakuna asiyejua habari ya ningu. Mvua ndefu zikianza na mto ukafura, ningu wanatoka ziwani wakiufuata mkondo kwenda juu, wakatage mayai kwenye nyasi zilizofunikwa na maji. Mama yangu alipokuwa msichana walikuwa wakiwangojea kivukoni na vikapu. Ukuta ulipojengwa watu waliuliza ningu watapita wapi, na wajenzi wakaacha ngazi ya maji pembeni, vidimbwi vilivyopangwa kama vipandio. Tuliwaona wakipanda. Hawakuwa wengi kama zamani, lakini tuliwaona, na mimi nikachukulia kwamba jambo hilo limekwisha. Haikunijia hata siku moja kujiuliza watoto wao wanarudije ziwani.

Aliyeuliza ni dada mmoja mtafiti aliyetumwa kwetu na chuo chake mwaka juzi, mvua zilipoanza kupungua. Alikuja na ndoo, mabeseni na wavu mrefu wenye umbo la mkoba, akaomba tuufunge pale maji yanapotoka chini ya nyumba ya mtambo. Msimamizi wetu alikubali, akaniambia nimsaidie.

"Unatafuta nini hapa, dada?" nilimwuliza tulipokuwa tukikaza kamba. "Hapa hakuna samaki. Maji haya yametoka kwenye mashine."

"Ndiyo maana nataka kuona, fundi," akasema.

Asubuhi iliyofuata, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza juu ya miwa, tuliuvuta wavu. Ulikuwa mzito. Ndani yake kulikuwa na majani, vijiti, na samaki wadogo urefu wa kidole, wengi kuliko nilivyoweza kuamini. Vifaranga wa ningu. Wengine walikuwa wamekatwa vipande viwili. Wengine walikuwa wazima kabisa ila macho yamewatoka nje kama ya mtu aliyekabwa. Na wengine walikuwa hai, wakirukaruka mkononi mwangu.

Nilimwokota mmoja wa wale waliokufa bila kukatwa. Miaka mitano!

"Hawa waliokatwa nimewaelewa," nilisema. "Wamekutana na panga. Lakini huyu hana hata mkwaruzo. Nafasi kati ya panga na panga naijua, naifungua kila mwaka. Samaki wa kidole anapita bila kugusa kitu. Kimemuua nini?"

Alimpasua yule samaki kwa kiwembe, akanionyesha ngozi nyembamba iliyochanika tumboni. Akasema samaki ana kibofu cha hewa ndani yake, ndicho kinachomfanya asizame wala asielee ovyo. Kwenye bomba maji yanambana sana; akishapita mapanga, kile kibano kinaachia ghafla, na hewa ya ndani inavimba mara moja. "Umewahi kupanda mlima kwa gari masikio yakaziba?" aliniuliza. "Sasa upande mlima mzima kwa kupepesa jicho."

Hilo nililielewa. Kilichonishinda ni yaliyofuata.

Wale waliokuwa hai tuliwaweka kwenye beseni, nami nikaandika kwenye daftari: hai, kumi na tisa. Nilifurahi. Nilirudi kesho yake nikakuta saba wamekufa. Kulikuwa na mmoja aliyekatwa nusu ya mkia. Yule nilikuwa nimeshamhesabu marehemu, lakini ndiye aliyekuwa akizunguka beseni kwa nguvu kuliko wote. Waliokufa walikuwa wale wazuri, wasio na doa.

"Basi niandike nini?" nilimwuliza. "Jana niliandika hai."

"Andika hai jana, amekufa leo."

"Na wa kesho?"

"Kesho utaandika ya kesho."

Kisha akanichanganya zaidi. Alikuwa na beseni la pili, la vifaranga aliowavua juu ya ukuta, ambao hawakuwahi kuuona mtambo. Na humo pia walikuwa wamekufa watatu. Nikamwambia basi mtambo hauna hatia, beseni ndilo linaloua. Akasema hapana, beseni linaua kidogo na mtambo unaua zaidi, na kazi yake ni kutoa hili kwenye lile. Akaongeza kwamba kuna wengine hawafi kwenye mtambo wala kwenye beseni, ila wanatoka chini wakiwa wamelewa, hawajui juu ni wapi, na ndege weusi wa kuzamia wanawaokota kama mahindi yaliyomwagika. Ndege hao nilikuwa nikiwaona kila siku kwenye mawe, mbawa zao wamezitandaza. Nilidhani wanapenda tu mahali pale.

Jumapili, baada ya kanisa, nilienda kwa mama. Alinitengea obusuma, ugali wa kwetu, na mboga, akaniona sili.

"Una homa?"

Nikamweleza yote, mapanga, vibofu, mabeseni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka mkono shavuni.

"Kumbe ni wewe unawasaganga?"

"Si mimi, mama. Ni mtambo."

"Nani anaufunguanga asubuhi?"

Nikasukuma sahani kando. Akacheka, lakini si kicheko cha furaha. Akasema kwamba miaka yote hii yeye na wenzake wamekuwa wakibishana kuhusu ningu. Kuna wanaosema ni maji machafu ya viwanda, kuna wanaosema ni watu wa ziwani wenye vyandarua, na kuna mwanamke mmoja wa kanisani anayesema ni dhambi. "Kila mtu alikuwa na mtu wake wa kulaumu," alisema. "Mimi peke yangu ndiye sikuwa na mtu. Sasa nimepata, na ni mtoto wangu." Kisha akanisogezea sahani. "Kula. Na utafanya nini?"

Kesho yake nilirudi kazini. Niliendelea kuufungua mtambo kila asubuhi na kuwaandika waliokufa kila asubuhi, kwa kalamu ileile niliyoandikia kiasi cha stima.

Wiki ya tatu mvua ilirudi kwa nguvu huko juu, mto ukajaa. Yule dada akasema vifaranga watashuka kwa wingi pamoja na mafuriko, akamwomba msimamizi tusimamishe mtambo kwa asubuhi chache na kufungua lango la ukuta, samaki wapite juu na maji. Msimamizi alikataa, na hakukataa kwa ukali. "Kituo cha afya kina friji ya chanjo," alisema. "Kina akina mama wanaojifungua. Nikizima, nitamwambia nani kwamba nimezima kwa ajili ya samaki?" Dada akarudi kwenye mabeseni yake. Mimi sikujua niko upande gani. Mke wangu alijifungulia pale pale, chini ya taa ya mtambo huu.

Siku mbili baadaye nilikuwa zamu peke yangu. Kulikuwa kumekucha, mvua imekatika. Nilienda kusafisha chujio nikawaona. Walikuwa wamejazana mbele ya vyuma, mamia kwa mamia, vichwa vyao vimeelekea juu, wakipigana na maji yanayowavuta nyuma. Walijua. Sijui kama samaki hujua, lakini mimi nilivyowaona, walijua. Kila mara mmoja alichoka, akateleza kinyumenyume kati ya chuma na chuma, akapotea bombani.

Sikukaa nikafikiri. Nilikimbia nikausimamisha mtambo, nikapanda ukutani nikalizungusha gurudumu la lango mpaka mwisho. Maji yalitoka kwa kishindo, na vifaranga wakageuka, wakayafuata. Niliwaona wakipita miguuni pangu kama uzi mweusi. Nadhani nilipiga kelele. Nadhani nilicheka.

Baada ya kama nusu saa nikakumbuka friji, nikaingiwa na hofu. Nikalifunga lango kwa haraka ileile niliyolifungulia, nikakimbia kuwasha mtambo. Nilipotoka nje tena nikatazama chini ya ukuta.

Chini ya lango hakuna kidimbwi. Kuna jiwe pana, lenye mashimo madogo. Nilipoyakata maji ghafla, mto ulishuka na kuwaacha samaki juu ya jiwe. Walikuwa kila mahali, wakipigapiga, wakimetameta. Waliokwepa mapanga yangu sasa walikuwa wanakufa kwa kukosa maji, na ndege weusi walikuwa wameshaanza kutua.

Nilishuka na beseni nikaanza kuwaokota kwa mikono. Ndivyo msimamizi alivyonikuta, nimepiga magoti juu ya jiwe, nimelowa mpaka kifuani.

"Unafanya nini?" aliniuliza kutoka juu ya ukuta.

"Sijui," nikasema. Sikuwa namjibu kwa dharau. Kweli sikujua.

Simu yake ililia. Ilikuwa kituo cha afya, wakiuliza stima ilipotelea wapi. Akawajibu kwamba imesharudi, akasikiliza, akashukuru. "Waliwasha jenereta yao," aliniambia. "Bahati yako." Akanionyesha kwa kidole, akasema, "Yule mkubwa karibu na mguu wako bado anapumua." Nikamwokota nikamtia kwenye beseni.

Barua ya onyo nilipewa mchana huohuo, na niliistahili. Yule dada hakunilaumu wala kunisifu. Alihesabu waliokufa kwenye jiwe, akasema lango hufunguliwa taratibu na kufungwa taratibu zaidi, na kwamba maji yanayoanguka yanahitaji kina cha kuangukia. Nilimwuliza niliwaokoa wengi kuliko niliowaua, ama vipi. Akasema hawezi kujua, kwa sababu waliopita salama hakuna aliyewahesabu.

Lakini ile asubuhi ilianzisha mazungumzo. Msimamizi ndiye aliyeyapeleka kwa wakubwa, nami nilishangaa. Kabla ya mvua za mwaka uliofuata tulichimba kijia cha maji kando ya chujio, tukakijengea zege laini, kikiteremka polepole hadi kwenye kidimbwi tulichokichimba chini. Vyuma vya chujio tukavisogeza karibu karibu, kifaranga asipite kwa urahisi. Stima ilipungua kidogo. Wenye kinu walinung'unika, kisha wakazoea.

Dada alirudi na nyavu zake. Siku zile nilifika kazini kabla ya zamu yangu, nikingoja kuona. Waliokatwa walikuwa wachache. Wenye macho ya kutoka nje walikuwa wachache. Nikamwambia, "Basi imefaulu."

"Huenda."

"Dada, wachache ni wachache."

"Mwaka huu mvua ilikuwa ndogo, fundi. Na wavu ulichanika siku mbili. Huenda ni kijia, huenda ni mwaka." Alikuwa anaosha mabeseni, hakuinua uso. "Nataka iwe kijia kama wewe unavyotaka. Ndiyo maana siwezi kukuambia ndiyo."

Nilikasirika naye siku nzima. Nilitaka jibu moja, la ndiyo au hapana, la kumpelekea mama. Aliondoka mwisho wa mwezi akiwa na madaftari yake, likiwemo langu lenye mwandiko mbaya, akatuachia wavu mmoja tuendelee kuhesabu.

Juzi walikuja kina mama wa chama cha watumiaji maji, wapatao ishirini, kutazama kijia. Msimamizi aliniambia niwaeleze, kwa kuwa habari ya samaki imekuwa yangu. Nilisimama mbele yao nikaanza vizuri: nikawaonyesha chujio, nikawaonyesha maji yanavyomvuta samaki pembeni. Halafu mmoja wao, mwenye kitambaa cha manjano kichwani, akauliza, "Wakipita hapo, wanafikanga ziwani?"

Nikasema wanafika. Nikasema baadhi. Nikasema wanaotoka hapa wakiwa hai ni wengi kuliko zamani, ama inaonekana hivyo, ila kutoka hapa hadi ziwani kuna mambo mengi, na mwingine anaweza kutoka mzima akafa kesho, na mwingine akatoka bila mkia akaishi. Nilijisikia nikiongea na sikupenda nilivyosikika. Kina mama walinitazama kama mtu anavyomtazama fundi aliyeifungua redio na hajui kuifunga.

"Kwa hivyo hujui," akasema yule wa kitambaa.

"Sijui," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba hilo ndilo jibu la kwanza alilolielewa, akauliza kama wanaweza kuuona wavu. Tukashuka kwa msururu, wakiwa wamekunja leso zao juu ya magoti, nami nikatangulia kuuvuta.