Kahawa Iliyouzwa Ikiwa Maua

Saa nne na dakika kumi na saba asubuhi simu iliita kwenye duka langu la uchapaji, mtaa wa Bakoba, nikiwa nabana kwa pini mitihani niliyoichapia shule moja ya msingi. Alikuwa mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa akisoma shahada ya pili chuo kikuu.

"Kaka, nimepata!"

"Umepata nini?"

"Ule mkutano wa Ulaya. Wamekubali nikawasilishe utafiti wangu, na mfuko wa wanafunzi utalipa nauli, malazi, kila kitu."

Nikamwambia anitumie barua. Akacheka. "Wewe kaka, hata siku ya harusi yako ulisoma cheti kwanza ndipo ukatabasamu."

Nilikuwa na sababu ya kutaka kuisoma. Tulikuwa tumetafuta fedha pamoja kwa miaka miwili. Mimi niliishia darasa la saba. Kiingereza nilikipata kwenye kamusi na kwenye barua za wateja nilizokuwa nachapa. Matangazo ya ufadhili nayo yana lugha yake, na nilikuwa nimeanza kuizoea. Pakiandikwa kwamba wanakaribisha waombaji wote, chini yake pana umri ambao mtu ameshaupita. Pakiandikwa Afrika, chini yake pana majina ya nchi, na yetu haimo. Utafiti wake ulihusu mnyauko wa migomba: namna wajane wa Muleba wanavyoamua shina lipi ling'olewe na lipi liachwe. Kila tulikoomba walituma pole za heshima, au hawakujibu. Fedha za kuzunguka vijijini alizipata kwa kufundisha tuisheni, na madodoso nilimchapia mimi.

Barua ilisema kweli kwamba mfuko utalipa kila kitu. Ilisema pia kwamba utalipa baada ya safari, kwa kumrudishia mwanafunzi alichotumia, akishaonyesha tiketi na uthibitisho kwamba aliwasilisha mada yake. Yaani ufadhili ule ulimfaa mtu ambaye tayari ana fedha.

Jumapili, baada ya misa, tulikaa nyumbani kwa mama, Muleba: mama, sisi wawili, na baba mdogo.

"Anakwenda kuwafundisha Wazungu migomba?" baba mdogo aliuliza. "Kwani yao iko wapi?"

"Ndizi wanazila, baba," mdogo wangu alijibu.

"Hata mimi nakula samaki, ila sijaitwa visiwani kuhutubia."

Tulicheka, kisha tukarudi kwenye nauli. Kibanja, shamba letu la migomba na kahawa, hakiuzwi, ni cha ukoo, na baba amezikwa humo. Kilichokuwa cha mama kuuza ni kahawa tu, nayo ilikuwa ndiyo kwanza imetoa maua. Kuuza kahawa ikiwa bado mtini huku kwetu kunaitwa butura. Serikali imekataza, padri amekemea, na kila mwenye mgonjwa au ada ya shule anajua ni mlango upi wa kugonga.

Mnunuzi alikuja kesho yake. Alitembea kati ya mibuni akiinua matawi kwa kidole kimoja, akamwita mama kwa heshima ya Kihaya.

"Mama waitu, mimi nanunua maua. Mvua ya mawe ikija, yaliyoanguka ni yangu."

"Na bei ikipanda?"

"Nami nina watoto, mama."

"Wako hawajaitwa Ulaya," mama alisema, na hapo nikaona kwamba alikuwa na fahari.

Alihesabu milioni mbili na laki sita. Hatukuandikiana chochote, anayenunua butura haandiki, na anayeuza haombi risiti. Tulikubaliana kwa mdomo tu kwamba tukimrudishia fedha zake na nyongeza kabla kahawa haijaiva, kahawa ni yetu. Nilipiga hesabu mara kadhaa. Mkutano ungekwisha mapema, rejesho lingefika, na mama asingekosa hata debe moja.

Mdogo wangu aliziweka zote benki siku hiyo hiyo, akalipia ada ya mkutano, na tiketi akainunua wiki ile ile kabla bei haijapanda. Kwetu fedha nyingi kuingia benki kwa siku moja si ajabu. Akaunti ya mkulima wa kahawa hulala tupu mwaka mzima, ikaamka siku moja. Kisha akapanda basi kwenda Dar es Salaam kuomba viza.

Walimkataa. Sababu iliandikwa kwa mstari mmoja: chanzo cha fedha zilizoingia kwa mkupuo hakikuthibitishwa. Alikuwa na nafasi ya kuomba tena akileta uthibitisho.

Nilikwenda kwa mnunuzi kumwomba maandishi. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti. "Waitu, unataka nitie saini kosa langu mwenyewe?" Nikaenda ofisini kijijini. Afisa alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Mzee, kahawa huuzwa kwenye chama cha ushirika, na chama hakijafungua msimu. Niandike mama aliuza nini?" Nilimuaga nikatoka. Fedha zilikuwa halali kwa jasho la mama, na hapakuwa na mtu duniani ambaye angeweza kuandika zilikotoka.

Waandaaji wa mkutano walikuwa watu wema. Walikubali bango lake libandikwe ukutani bila yeye. Ila mfuko haukurudishia gharama watu wasiofika.

Aliporudi kutoka Dar alishukia Muleba, kwa mama. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi za mchana.

"Haya, kaa hapa. Niambie ulichotaka kwenda kuwaambia."

Alianza kwa Kiswahili, kama mtu anayesoma. Baadaye akahamia Kihaya, akaeleza jinsi mjane anavyoanza kung'oa shina lililo mbali na kaburi la mumewe, hata kama lililo karibu ndilo linaloumwa. Mama aliacha kisu.

"Hayo ndiyo waliyokataa kuyasikia?"

"Ndiyo, mama."

"Wangeyasikia, wangepungukiwa na nini?"

Mdogo wangu alichukua kisu akaendelea kumenya. Machozi yalimtoka bila sauti, na mama hakumfuta, alimsogezea tu ndizi nyingine.

Shahada aliipata. Sasa anafundisha sekondari. Nikiona tangazo la ufadhili humtumia, naye hujibu, "Asante, kaka." Siku moja nilimuuliza kama aliomba. Akasema, "Nikipata, mama atauza nini?"

Kahawa ilipoiva, wachumaji wa mnunuzi walikuja na madebe yao. Waliomba kuanika uani kwetu, mama akawaruhusu. Alasiri moja nikiwa pale mvua ilishuka ghafla, wao wakiwa bado shambani. Mama alitoka mbio akifunika mikeka kwa turubai, kanga ikimganda mwilini.

"Mama, acha! Si yako!"

"Shika upande ule!" alinijibu. "Umewahi kuona wapi mtu anaacha kahawa inyeshewe?"

Nilishika upande ule.

Siku walipofunga magunia nilisimama kando ya mizani. Zilikuwa kilo mia tisa na arobaini za kahawa kavu yenye maganda, na wiki ile chama kilikuwa kinalipa shilingi elfu nne na mia tano kwa kilo. Nikazidisha, kisha nikaondoa laki nne na elfu sitini, sehemu ya fedha za tiketi iliyorudishwa, ambayo ndiyo pekee iliyobaki mikononi mwetu. Tulichopoteza ni shilingi milioni tatu, laki saba na elfu sabini.