Rafiki wa Kundi la Treni Ndogo Ananiomba Nipime Nyumba Yake

Msimamizi, naomba jina langu lisionekane. Mimi ni mwanamume wa miaka sabini na mbili, mjane, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ninayeishi Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo. Vijana mnaotuma visa vyenu hapa mtanisamehe: changu si cha mapenzi. Ni cha treni ndogo za kuchezea, lakini kimeninyima usingizi.

Miaka ya tisini, mambo yalipoharibika na mishahara ilipokuwa haifiki, mimi na jirani yangu tulijituliza kwa kutengeneza treni. Nitamwita Kabeya, ingawa si jina lake. Baba yake aliletwa kutoka mkoa wa Kasai kufanya kazi ya mgodi; yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa. Tulikata makopo ya sardini, tukapinda waya wa shaba, tukatandika reli juu ya mbao barazani kwake. Mabehewa yalikuwa yakiachana kila yalipofika kwenye kona, mpaka tukabuni ndoano yetu wenyewe: waya uliozungushwa, ncha ikakunjwa kuelekea chini kama mdomo wa kasuku. Tangu hapo hayakuachana tena.

Kisha watu wa asili ya Kasai wakaanza kufukuzwa Katanga. Kabeya na familia yake walilala stesheni pamoja na umati mkubwa, wakisubiri treni isiyojulikana itakuja lini. Wengine walizikwa kabla haijafika. Nilikuwa nikiwapelekea bukari, yaani ugali, na samaki wa ziwa Tshangalele. Siku ya kuondoka, Kabeya alifungua kifurushi chake akanipa kichwa cha treni yetu.

"Mwalimu, weye ubakie na kichwa," alisema. "Miye nabeba mabehewa. Siku tutaonana, tutafunga tena."

"Na kama hatutaonana?"

"Basi kichwa yako itatembea yenyewe, kama chef wa kijiji asiye na watu!" Alicheka, na mkewe akamkemea kwa kucheka mahali pale.

Wiki ileile mdogo wangu, tumbo moja na mimi, aliingia katika nyumba ya Kabeya. Nilimfuata, nikamwambia atoke. Akanijibu akiwa ameketi kwenye kiti cha mwenye nyumba, akiniita Yaya, yaani kaka mkubwa: "Yaya, mwenyewe alienda. Unataka nani aikale mule? Mapepo?" Tangu siku ile sikupita tena kwenye lango lile. Tunasalimiana kanisani tu. Bado anakaa humo.

Binti yangu aliponinunulia simu, nilimwomba anitafutie mtandaoni watu wanaopenda treni ndogo. Haikuwa rahisi. Kundi la kwanza lilikuwa la wafanyabiashara. Ukiuliza jambo unaonyeshwa bei. La pili lilikuwa la wenye majivuno. Niliweka picha ya behewa jipya la kopo nililotengeneza, wakauliza kama ndani bado kuna samaki. La tatu ni dogo, nalo lina desturi iliyonivuta: anayeonyesha kazi yake hutaja kwanza kasoro yake, ndipo wenzake waseme. Kwa hiyo hakuna anayejigamba, na hakuna anayechekwa. Humo nimepata furaha ambayo sikuitarajia tena katika uzee wangu.

Aliyenisaidia zaidi ni mzee mmoja wa Kananga, huko Kasai. Sote tunatumia majina ya kubuni. Tumeandikiana kwa miezi mingi kuhusu gundi, kona na rangi. Yeye anajua tu kwamba mimi ni mtu wa Katanga.

Mwezi uliopita aliweka kundini picha ya kazi yake kubwa. Ilikuwa stesheni ya Likasi: paa lake, mti wake, kila kitu, ila hapakuwa na mtu hata mmoja. Mbele yake yalisimama mabehewa ya makopo ya sardini yasiyo na kichwa. Nilikuza picha. Ndoano zilikuwa za mdomo wa kasuku.

Mwenzetu mmoja alimwuliza kama ana ndugu au marafiki mjini humo. Akajibu: "Nilizaliwa kule, lakini sina muntu kule."

Kisha akataja kasoro ya kazi yake: nyumba moja nyuma ya stesheni imemtoka akilini. Jioni akaniandikia faraghani: "Papa, weye iko Katanga. Ukipita Likasi, unipimie ile nyumba. Barza iko na urefu gani? Madirisha bado iko bleu?"

Ni nyumba yake mwenyewe, ile anamokaa mdogo wangu.

Nilichukua mita ya kupimia nikaenda. Mdogo wangu alitoka barazani, akafurahi kuniona, kisha akaiona mita. "Eh, Yaya! Unapima nini? Unataka kunifukuza?" Alicheka peke yake. Nilipima baraza, nikaandika urefu wake.

Binti yangu ananiambia: "Papa, tuma tu mapimo. Ule papa wa Kananga anaomba nyumba ya carton, haombi ya matofali." Lakini nikituma mapimo bila kujitaja, nitakuwa ninamsaidia kuijenga upya nyumba yake huku nikimficha anayelala ndani yake. Nikijitaja, swali lake la kwanza litakuwa nani anakaa humo, nami sitamdanganya. Huenda akaondoka kundini, nikampoteza mara ya pili. Na pengine aliposema hana mtu huku, alimaanisha kwamba hata mimi si mtu wake tena.

Kichwa cha treni yetu sijawahi kukionyesha kundini. Nimekifuta vumbi, kiko mezani karibu na simu. Nikikipiga picha na kumtumia, ndoano yake itasema yote kabla yangu.

Ninyi mnaosoma, hasa mliowahi kufukuzwa mahali mlipozaliwa, ndio ninaowauliza: je, mngependa kuiona picha hiyo, au mngeomba mapimo tu? Bado anasubiri jibu langu. Madirisha bado ni ya bluu; mdogo wangu ameyapaka upya.