Sufuria Mbili za Germana

Jumatatu, tarehe 3 Septemba 1984. Asubuhi ukungu mzito; mchana upepo mkavu na vumbi jekundu. Mvua hakuna.

Siku hiyo Germana alipika ugali wa yanga kwa mara ya nne, na kwa mara ya nne ukarudi jikoni kama ulivyokwenda. Yanga ndiyo mahindi ya njano ya msaada yaliyogawiwa Karatu mwaka ule wa njaa. Watoto wake, Koinet na Nanyori, walibana pua. "Mama, ugali unanuka gunia!" Mumewe Tobiko, mlinzi wa shamba la kahawa, alimeza matonge mawili, akakumbuka ghafla kwamba anachelewa kazini.

Hao alikwisha kuwazoea. Aliyemnyima raha ni mama mkwe, Nanyokie, aliyeteremka kutoka Ngorongoro Alhamisi baada ya ukame kummalizia ng'ombe. Tangu afike alikuwa akinywa chai tu. Kifurushi chake kilikuwa bado mlangoni, kimefungwa.

"Nikishindwa kula hapa nitarudi juu," alisema. Na huko juu hakukuwa na ng'ombe wala mtu wa kumpikia.

Basi Germana akachemsha mifupa mchana kutwa, akakorogea unga wa yanga ndani ya supu hadi harufu ya gunia ikapotea. Jioni watoto walikula wakalamba vidole. Bakuli la mama mkwe alilipa heshima zaidi: juu yake alimimina maziwa yote ambayo ng'ombe wao mmoja alikuwa ametoa siku hiyo.

Nanyokie alilitazama, akalisukuma taratibu.

"Mama Koinet, hii ni nyama?"

"Ni supu ya mifupa, mama."

"Na haya ni maziwa?"

"Ndiyo, mama. Nimekuwekea mengi."

"Nyie Wambulu mna mambo! Mimi tangu nizaliwe sijaviweka viwili hivi tumboni kwa siku moja. Siku ya nyama ni ya nyama, ya maziwa ni ya maziwa. Vikikutana, ng'ombe anaumwa."

"Ng'ombe si wamekwisha, koko?" Koinet akamdakia bibi yake.

"Ndiyo maana sitaki kumuua na huyu wenu mmoja."

Germana akamgeukia Tobiko. "Miaka tisa ya ndoa, baba Koinet, hukuniambia kwamba kwenu hamvichanganyi!"

"Ningekuambia, ningelala njaa nusu ya siku zangu," Tobiko akajibu, huku akilivuta bakuli lile upande wake.

Nanyokie alicheka kwa mara ya kwanza tangu afike. Germana, aliyekuwa karibu kulia, akachuchumaa mbele yake. "Basi nifundishe, mama."

Bibi akapenyeza mkono kwenye kifurushi bila kukifungua, akachomoa kibuyu. Aliomba kijiti cha mzeituni pori, akakichoma hadi kikawa kaa, akakisugua ndani ya kibuyu mpaka moshi ukashika. Maziwa ya Jumanne yakaingia humo.

Jumatano yalikuwa yameganda. Hakuna mfupa uliogusa moto siku hiyo. Germana alipika uji mzito wa yanga, akaupoza, akauchanganya na mtindi ule. Moshi ulikuwa umeimeza harufu yote ya gunia. Nanyokie alionja, akamaliza, akanyoosha bakuli aongezwe. Watoto waligombania ukoko. Germana alimshukuru Mungu, kisha akamshika mama mkwe mikono yote miwili. Kwa miaka tisa alikuwa akiwapikia watu wa nyumba hii kwa kubahatisha, na sasa amepata wa kumwelekeza.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kuwasha moto, alisugua sufuria zake mbili kwa majivu, akazitundika ukutani: ya maziwa kulia, ya nyama kushoto. Akaenda kuuliza leo ni siku ipi. Mlangoni kifurushi hakikuwapo, akadhani bibi amerudi juu. Kumbe kilikuwa kitandani, kimefunguliwa, na shuka za bibi zimeanikwa kwenye kamba.

"Leo nyama," Nanyokie akasema.

Germana akarudi jikoni, akashusha sufuria ya kushoto.